Tofali la Vidole Vitatu

Kila Alhamisi, saa tisa alasiri, mwalimu wa historia alibisha hodi nyumbani kwangu. Nilimfungulia mimi. "Shikamoo Bibi Mdogo," alisema, akavua viatu, akanipita moja kwa moja hadi chumba cha uani, kwa Bibi Mkubwa. Bibi Mkubwa ni dada yangu. Nyumba ni yangu, kiti alichokalia mwalimu ni changu, sukari ni yangu, na chai niliipika mimi na kuipeleka mimi kwenye sinia. Lakini hadithi ilikuwa ya Dada, na mwalimu hakuwa amefuata chai.

Alikuwa anaandika kitabu kuhusu kijiji chetu, ambacho hakipo tena. Nina miaka sabini na mmoja, Dada ana sabini na mitano, na katika mji huu hakuna wengine waliobaki wenye akili ya kukumbuka na meno ya kuelezea. Mtu wa umri wangu alitakiwa awe ameshamaliza mambo ya kijicho. Mimi sijamaliza. Nikisikia kicheko cha mwalimu kikitoka uani, donge linanikaa hapa kooni, naanza kusonya peke yangu jikoni.

Kijiji chenyewe kilianza kwa kukosa maji. Babu zetu walihama walikotoka kwa ugomvi wa mipaka, wakafika kwenye tambarare ile, wakachimba kisima. Walichimba wiki tatu. Maji hawakuyaona, ila walikuta udongo mwekundu unaong'ang'ania jembe, na mmoja wao, aliyewahi kufanya kazi ya matofali, akauchukua, akaufinyanga, akauweka hata ulimini, akasema hapa hatutoki. Maji yakawa yanafuatwa mtoni, mwendo wa nusu saa, kwa miaka yote iliyofuata.

Nilipopata akili kulikuwa na nyumba arobaini na mbili, tanuru tatu, duka moja na shimo moja kubwa katikati. Nyumba zote zilikuwa za miti na tope. Hakuna aliyelala ndani ya ukuta wa tofali, maana matofali yalikuwa ya kuuza. Malori yalikuja, yakapakia, yakaondoka, na mji huu tunaoishi leo umejengwa na sisi: soko, stesheni, posta, hospitali. Sisi wenyewe mvua ikinyesha tulikuwa tunasogeza vitanda.

Kazi ilikuwa hivi. Udongo unachimbwa, unalowekwa, unakandwa kwa miguu mara mbili, asubuhi na kesho yake asubuhi. Unautia kwenye kalibu ya mbao, unakwangua juu, unafyatua. Tofali linaanikwa kivulini siku kumi ndipo liende tanuruni. Na kwa kuwa matofali ya watu wote yalichomwa pamoja, kila mfyatuaji alitia alama yake udongo ukiwa bado mbichi. Marehemu mama alikuwa na msalaba wa kijiti. Jirani yetu alikuwa na kisoda. Dada alikandamiza vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mimi nilikuwa na dole gumba, la kushoto, kwa sababu kila kitu nilikifanya kwa kushoto. Ndiyo maana waliniita Mashoto, na yeye wakamwita Vidole Vitatu.

Sasa niseme lililo kweli, ingawa linaniuma. Matofali ya Dada yalikuwa mazuri. Pembe zilinyooka, uso ulikuwa laini, na ukiligonga moja kwa ufunguo lililia kama kengele. Mkandarasi alikuwa akishuka kwenye lori haulizi habari za watu, anauliza, "Ya Vidole Vitatu yapo?" Mama alimsifu, wageni walimsifu, hata baba, ambaye midomo yake ilikuwa mizito kwa sifa, siku moja alilibeba tofali la Dada akaenda nalo dukani kuwaonyesha wenzake. Langu hakuwahi kulibeba hata kulitegemezea mlango.

Kibaya zaidi alikuwa Mchomaji, mzee aliyepanga matofali tanuruni. Katika tanuru, tofali la katikati linaiva, la pembeni linatoka limepauka na halina bei. Mchomaji aliangalia alama tu. Vidole vitatu katikati, dole gumba pembeni. Nilimwomba, "Mzee, safari hii yangu nayo uyaweke ndani." Akanijibu bila hata kugeuka, "Wewe kwanza fyatua kama dada yako." Yatakuwaje mazuri na kila siku yanaachwa pembeni? Nililia siku nzima, na machozi yalipokauka nikapata akili mbaya.

Nilianza kutia vidole vitatu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mchomaji aliyapokea, akayapanga katikati, yakaiva, yakalia kama ya Dada, mkandarasi akayapakia huku anatabasamu. Wala hakuna aliyehisi kitu. Nilifanya hivyo karibu miaka miwili, tofali moja dole gumba kwa ajili ya macho ya watu, matofali mawili vidole vitatu. Na kila lori lilipoondoka, sifa zilikwenda kwa Dada. Nilikuwa nimejiibia mwenyewe, nikampelekea yeye.

Ndipo ikaja habari ya shule. Kijiji kiliamua kwamba kwa mara ya kwanza tutajijengea kitu cha tofali sisi wenyewe. Kila mfyatuaji alipangiwa fungu lake. Mimi nilitaka kumaliza kabla ya Dada, hata mara moja tu maishani. Nilikanda udongo mara moja badala ya mbili. Nilianika siku tatu badala ya kumi. Na ili Mchomaji asiniletee maneno, mengi nilitia vidole vitatu. Matofali mabichi yale yakawekwa katikati, kwenye moto mkali kuliko wote, yakapasuka kwa ndani. Kwa nje yalitoka mekundu, ya kupendeza. Ukweli ni kwamba ingetosha kuligonga moja tu na ufunguo ili kila kitu kijulikane. Hakuna aliyegonga. Kijiji kizima cha watu wa matofali kilitazama alama, kikaacha kugonga.

Ukuta wa nyuma wa shule ulianguka mvua za mwaka wa pili, siku ya Jumapili, wakati madarasa yakiwa matupu. Watu walikusanyika kwenye matope, wakaokota vipande, na kila kipande kilichobomoka kama unga kilikuwa na vidole vitatu. Walimgeukia Dada. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, nikasubiri Dada aseme kwamba mengine hakuyafyatua yeye. Akalitazama tofali moja kwa muda mrefu, kisha akasema, "Nilifanya haraka. Nisameheni." Nilidhani ameamini ni yake kweli, kwamba tanuru ndiyo iliyomharibia. Nikashukuru Mungu, nikanyamaza. Harusi yangu ilikuwa imebaki wiki tatu, na bwana harusi ndiye mwashi aliyeujenga ukuta ule.

Habari hazikuhitaji lori ili zifike mjini. Mkandarasi alikuwa amemwahidi Dada kazi ya usimamizi kwenye kiwanda chake. Hakuitaja tena, na malori yake yakaanza kununua kwingine. Waliobaki ni wanunuzi wa bei ya kutupa. Ili watu wapate kula, ikabidi wafyatue mara mbili ya zamani, na ili wafyatue, ikabidi wachimbe, na udongo mzuri uliobaki ulikuwa chini ya nyumba zetu. Kila mtu alisema tanuru moja tu ya mwisho. Shimo likafika ukutani kwa jirani, likafika dukani, na mvua kubwa zilipokuja likajaa. Nyumba za miti na tope ziliingia humo moja baada ya nyingine katika misimu minne. Watu waliondoka na milango yao vichwani. Kijiji kilichoanza kwa kukosa maji kimelala chini ya maji, na bata wanaogelea pale alipozaliwa mama yangu.

Mimi na mwashi wangu tulihamia mjini, tukajenga nyumba hii, tukapata watoto wanne. Dada hakuolewa. Alifagia soko miaka ishirini na saba, soko lilelile la matofali yetu. Mume wangu alipofariki nikamwambia aje akae chumba cha uani, na watu wakanisifia moyo wangu. Moyo gani! Niliyekuwa na mume, nyumba na wajukuu ni mimi, na bado niliendelea kumwonea gere mfagiaji. Kwa sababu mafundi wazee wa mji huu, wakipita kwenye ukuta uliosimama wima, bado wanasema, "Haya ni ya Vidole Vitatu." Dole gumba hakuna anayelijua.

Basi mwalimu akaja, na daftari lake. Siku moja, nikiwa naweka sinia, nilijikaza nikasema, "Na mimi nilifyatua, mwalimu."

"Bila shaka, Bibi Mdogo," akasema kwa adabu, huku mkono wake ukimsubiri Dada aendelee. "Sura ya tano nitaiita Vidole Vitatu. Fahari yake na aibu yake."

Sura nzima! Nilirudi jikoni nikasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Wiki hiyohiyo nilikwenda sokoni kununua vitunguu. Nyuma ya soko lipu ilikuwa imebanduka, na matofali yalikuwa wazi. Nikasogea kuyaangalia, kwa uchungu tu, kama mtu anavyobonyeza jino linalouma. Vidole vitatu, vidole vitatu. Nilikuwa karibu kuondoka nilipoona kitu. Vingine vilikuwa vimelalia kushoto, vingine vimelalia kulia.

Nikaweka kapu chini. Nikanyoosha mkono wa kulia kama nimesimama mbele ya kalibu: unaingia kwa mshazari, vidole vinalalia kushoto. Nikanyoosha wa kushoto: vinalalia kulia. Na tofali hata uligeuze kichwa chini, mlalo haubadiliki. Jamani! Miaka hamsini na mitatu mimi nilikuwa ukutani pale.

Nikanunua chaki kwenye duka la vifaa vya shule, nikarudi, nikaanza kuweka alama kwenye yangu. Mlinzi wa soko alinifuata na rungu lake.

"Bibi, unaandika nini kwenye ukuta wa serikali?"

"Naandika vilivyo vyangu."

"Ukuta ni wako?"

"Kutoka hapa mpaka hapa, ndiyo."

Aliniangalia juu na chini, akaniuliza kama nina mtu wa kunirudisha nyumbani. Nikamwambia asubiri nimalize. Yaliyoonekana yalikuwa sitini na moja. Yangu thelathini na matatu, ya Dada ishirini na manane. Nilimzidi! Nilirudi nyumbani bila vitunguu, nikala wali mweupe, na sijawahi kula wali mtamu namna ile. Jambo la shule halikunipitia hata akilini. Shule ilikuwa chini ya maji, haikuwa na wa kuitolea ushahidi.

Alhamisi sikuweka sinia nikaondoka. Nilivuta kigoda nikakaa katikati yao, nikatoa yote: kalibu, mshazari, kulia na kushoto, thelathini na matatu. Sikumtazama Dada usoni. Mwalimu alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Bibi Mdogo! Kwa hiyo nusu ya Vidole Vitatu ni wewe?"

"Zaidi ya nusu," nikasema.

"Hebu ngoja," akasema, akavuta mfuko wake. "Jumamosi nilikwenda kule kwenye ziwa lenu. Maji yameshuka kwa ukame huu, na pembe moja ya msingi wa shule imetokeza. Nimeleta tofali, nataka liwekwe kwenye kabati la vioo pale shuleni kwetu."

Akalifungua kwenye gazeti, akaliweka juu ya meza, karibu na birika. Lilikuwa limemong'onyoka upande mmoja. Vidole vitatu vilionekana vizuri sana, vimelalia kulia.

Kabla mwalimu hajainama kulitazama, Dada alishalifunika kwa kiganja.

"Hili ni langu," akasema.

"Lakini Bibi Mkubwa, kama Bibi Mdogo anavyoeleza, vikilalia kulia..."

"Mwanangu, mdogo wangu amezeeka. Anachanganya mambo. Wote tulitumia mkono wowote uliokuwa karibu. Kunywa chai."

Alisema kwa upole, bila kunitazama, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati. Hapo ndipo nilipoelewa. Siku ile ya matope, alipolitazama tofali kwa muda mrefu, alikuwa anatazama mlalo. Alijua. Alijua tangu siku hiyo, akafagia soko miaka ishirini na saba akipita mbele ya ukuta uleule, na hakusema.

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisuta nikakiri. Haikuwa dhamiri. Nilichokiona ni kwamba Dada, kwa kiganja kimoja, alikuwa ananificha aibu yangu na kuninyang'anya ukuta wa soko papo hapo. Nikikubali kwamba nimezeeka na nachanganya, basi na thelathini na matatu yangu yanakwenda. Na atakuwa tena yeye, mzuri, mpole, mwenye sura ya tano. Damu ilinichemka. Nikamshika kifundo cha mkono, nikauondoa mkono wake juu ya tofali.

"Ni langu," nikasema. "La soko ni langu, na la shule ni langu. Nilikanda mara moja, nilianika siku tatu, nikatia alama yake. Ukuta niliuangusha mimi. Yeye alisingiziwa na mimi nilikuwa nimesimama palepale. Andika, mwalimu."

Mwalimu hakuandika. Alimtazama Dada, macho yakamjaa machozi, akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi Mkubwa, ulijua siku zote?"

"Angeolewa na nani?" Dada akasema. "Mwashi angemwoa mtu aliyeangusha ukuta wake?"

Mwalimu akashika kalamu. Aliandika mpaka chai ikaota ngozi. Alimwuliza Dada alijisikiaje, mkandarasi alimwambia maneno gani, ilikuwaje kufagia chini ya matofali yale, mbona hakumwambia hata mama. Mimi aliniuliza swali moja tu, kama siku za kuanika zilikuwa tatu au nne.

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata. Sura ya tano imekuwa ndefu kuliko zote, na inaitwa Aliyenyamaza. Nimeisoma mara nne nikitafuta kosa, silioni. Kila mtu anayeisoma analia, na wakikutana na Dada njiani wanamshika mkono kwa mikono miwili. Mimi wananisalimia vizuri, kisha wanatazama pembeni.

Siku ya kufungua kabati la vioo tulipelekwa wote wawili, tukiwa tumevaa vizuri. Tofali lilikuwa limesimamishwa juu ya kitambaa cheupe, na kando yake kadi iliyoandikwa kwa mkono mzuri: Tofali la shule ya kijiji. Lilifyatuliwa na mdogo wa Vidole Vitatu. Hapakuwa na zaidi. Tofali baya kuliko yote niliyopata kufyatua, na hata hilo limeandikwa kwake.

Nilisimama pale nikiwa na donge langu. Kwenye kioo niliona nyuso mbili za wazee, na nyuma yake vidole vya msichana aliyetaka kumaliza wa kwanza. Kijiji kizima kilikuwa kimebaki kwenye kitu hicho kimoja, na kilikuwa kimepasuka kwa ndani kwa sababu yangu. Nilitaka kumwomba Dada msamaha. Akaniwahi.

"Umeridhika sasa?" akaniuliza, polepole, watu wasisikie.

"Bado," nikasema.

Akacheka mpaka akashika kabati. Kisha akanishika mkono, wa kushoto, tukarudi nyumbani kwa miguu kupitia soko. Akaniambia nikae, leo chai anapika yeye. Nilikaa chumba cha uani, kwenye kiti cha mwalimu, akaniletea kwenye sinia yangu. Nikaonja. Mungu anisamehe, ilikuwa tamu kuliko yangu.